Sura ya mama bila photo

Leo nyumba nzima imenicheka, na biko na haki.

Siku ya yenga, jumapili, tuko na misa ya mama marehemu, na tunataka kuweka sura yake pale. Photo zake zote zilibakia kule kwetu Mbau wakati tulikimbia vita.

Mimi, peintre, mwenye kuchora bibao bya salon za nywele hapa Butembo, nikajipiga kifua: «Muniletee crayon! Sura ya mama iko mu kichwa yangu.»

Nikachora saa mbili. Nikageuza karatasi na kiburi yote.

Yaya Masika, dada yetu mukubwa, akasema: «Kambale, huyu si ule bibi wa kibao ya salon?»

Batoto bakaanguka na kicheko. Mais ni kweli! Nyusi nyembamba, mèches, nywele za kubandika, mpaka mabegani. Mama hakuvalaka mèches ata siku moja!

Kumbe mukono yangu inajua sura moja tu.

Yaya, mwenye hajue kuchora ata kuku, akakamata crayon. Akapitisha mustari moja kwa kipaji ya uso: alama ya kamba yenye mama alikuwa anabebea kitunga ya mihogo.

Hakuna mwenye alicheka tena. Mama alikuwa pale.

Miaka kumi ya peinture, mustari moja imenishinda.

Chora mama yako bila photo, kisha uje unicheke hapa.