Miaka mia mu pango, na mama anangoja

Bajukuu bangu ba Butembo, munanisahau huku Beni kama vile nilishakufa!

Leo dada yenu Kahindo ananisomea roman, hadithi ndefu ya batu ba China, mu telefone.

Ni tamu: kijana mwenye kila mutu alikuwa anamupiga, sasa anaruka juu ya milima.

Lakini anajifungia mu pango miaka mia, eti anatafuta nguvu. Na maharagi, nani anamulimia?

Anatoka: mama yake alishakufa.

Nikasema: «Mujinga! Njia ya kwao aliijua!»

Jirani yetu, askari mwenye kwao ni mbali, Kasaï, alikuwa pa mulango. Akaanza kulia. Tangu vita imulete huku, hajapigia mama yake telefone.

Nikamwambia: «Piga sasa!»

Mama yake akamutukana mu telefone kwa sauti kubwa mpaka kuku zangu zikakimbia. Askari anacheka, machozi inatoka.

Ninyi, mukuje jumapili na chumvi. Mwenye atasema alikuwa mu pango, nitamutukana, kuku zitakimbia tena.