Kadi ya Joka

Mashine ya kupima madini ina mpini kama wa bastola. Kila asubuhi nikiishika, nakumbuka siku ya kwanza kuiona kwa karibu.

Utotoni nilikuwa na kadi ya joka, ile adimu yenye kung'aa na ukingo wa dhahabu. Ikishuka mchezoni, kadi zote za kawaida zimekufa. Mtoto wa mwenye depo ya kununua madini aliitamani. Akanipeleka kwenye meza ya baba yake, akaielekezea mashine kadi yangu, akasoma kioo peke yake.

“Humu hamuna kitu,” akasema. “Ni ya uongo.”

Niliamini. Baba yangu, mchimbaji, alikuwa akiinamisha kichwa mbele ya mashine ileile na hakubisha hata siku moja. Nikampa mtoto yule joka langu kwa kadi mbili zilizochanika. Kesho yake akanishinda kwa joka langu mbele ya batoto bote, akicheka.

Leo mtoto yule wa depo, sasa mtu mzima na mchimbaji, amesimama mbele ya meza yangu na mfuko wa madini, matope hadi magotini. Hanitambui. Nimepima, na namba ni nzuri kuliko zote za wiki hii.

“Mama, inasema nini?”

Nikageuzia kioo upande wangu.

“Humu hamuna kitu.”

Akainamisha kichwa, kama baba yangu.