Kila Ukimwita, Anapungua

Simu iliyolia ilikuwa ya marehemu mume wa Macho. Macho hakuwahi kuizima tangu msiba. Aliichaji kila siku na kuirudisha juu ya kabati, kama vile mwenyewe ametoka kidogo kutafuta spea. Aliipokea kwa mkono wenye povu la sabuni.

"Fundi, mzigo wako umefika," akasema muuza gemu. "Ile sehemu ya pili uliyoagiza. Nimekuwekea kama tulivyokubaliana."

Macho alikusudia kusema kwamba fundi hayupo duniani. Badala yake kinywa kikasema, "Haya, anakuja kuuchukua." Akaona haya peke yake pale kwenye karai, akajifuta mikono, akaenda yeye.

Jina la Macho alipewa na mumewe. Mume alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa vidole virefu vinavyofika hata pasipofika bisibisi. Macho mwenyewe ni mpiga pasi kwenye duka la dobi, na mpiga pasi mzuri huona kunyanzi kabla nguo haijatua mezani. Jioni, watu wengine wakisikiliza habari, hawa wawili walicheza gemu moja kama mtu mmoja. Fundi alishika pedi ya kuchezea, Macho akaketi kushoto kwake na kutoa amri: "Nyuma yako! Inama! Si huko, wewe, kushoto!" Majirani wapya walidhani wanagombana. Wa zamani walijua kuna mtu anafukuzwa na dubwana kwenye runinga.

Gemu waliyoipenda ilihusu watu wawili, Mlinzi na mwanamke mpanda kuta, waliokuwa wakitoroka kutoka mji uliolaaniwa. Mwisho wa sehemu ya kwanza Mlinzi aliziba handaki kwa mwili wake ili mwenzake atoroke, akafa. Fundi alinuna kama aliyefiwa. Akasusa chakula, mtu mzima na ndevu zake. Akaapa kwamba sehemu ya pili ikitoka watamrudisha tu, maana hakuna mwenye akili anayemuua mtu kama yule halafu akategemea wateja. Akaagiza mapema, kisha akaugua, na gemu ikachelewa kutoka. Yeye hakungoja.

Jumamosi mchana, baada ya kazi, Macho alikaa mbele ya runinga na pedi mapajani. Wifi yake, dada mdogo wa marehemu, alisimama mlangoni na kitambaa cha kukaushia vyombo. Ni mpishi wa shule, ameishi nao tangu kabla ya ugonjwa, na ulimi wake hauna kufuli.

"Haya, mwenye macho haambiwi tazama," akasema. "Tuambie, wameharibu au wametengeneza?"

Wametengeneza, na Macho alitamani wangeharibu. Sehemu za pili nyingi ni chai ileile iliyoongezwa maji, lakini hii walikuwa wameipika upya. Mji ulikuwa mkubwa zaidi na mtupu zaidi. Mvua ilinyesha kama mvua ya kweli, ikitiririka kwenye mabati na kudondoka kwenye ukosi wa mpanda kuta, na hatua zake zililia tofauti juu ya jiwe na juu ya ubao. Ile haraka ya zamani ya kukimbia na kurukaruka waliiondoa. Sasa mtu unatembea, unasikiliza, unaogopa kufungua mlango. Ramani tu ndiyo iliyomkera, imejaa alama kama shati la mla maembe.

Lakini kucheza kulimshinda. Dubwana la kwanza lilishuka kutoka paani, Macho akapaza sauti, "Kushoto! Ruka kushoto!" na akasubiri. Hakuna aliyeruka. Mpanda kuta alisimama wima akaliwa. Ikawa hivyohivyo tena na tena: Macho anaona vizuri kabisa, anaamuru vizuri kabisa, na vidole vyake vimelala juu ya vitufe vikimngoja mtu mwingine. Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaelewa anachokicheka, akarudi jikoni.

Siku hiyohiyo Mlinzi alitokea. Fundi alikuwa amepatia nusu: walimrudisha, ila walimrudisha kivuli. Alisimama nyuma ya mpanda kuta, upande wa kushoto, amewapa watu kisogo, na mvua ikimpita. Ukitembea anatembea. Ukigeuka ghafla kumtazama, ameshahama. Maandishi yakatokea chini ya kioo cha runinga: unaweza kumwita akupiganie; kila ukimwita, anapungua; akiisha, harudi.

Macho aliyasoma maneno hayo, akahamisha kidole gumba mbali na kitufe cha kumwita kama mtu aliyegusa pasi ya moto.

Wiki ile yote hakumwita. Alirudi kazini, akala upesi, akawasha mashine, akaliwa na dubwana. Vidole vilianza kujifunza, polepole, lakini dubwana lililolinda daraja halikupitika bila msaada; lilitengenezwa makusudi limshinde mtu mmoja. Basi akaacha kupigana. Alimpandisha mpanda kuta mahali salama juu ya paa na kumsimamisha hapo, mvua inanyesha, kivuli kando yake. Akaketi akiwatazama mpaka macho yakamwasha.

Na kivuli hakikukubali kubaki ndani ya runinga. Kule kwa dobi, mvuke ukipanda kutoka kwenye kola, Macho alihisi mtu amesimama nyuma ya bega lake la kushoto. Hakugeuka. Alijua akigeuka atakuta ukuta na nguo za watu zimetundikwa, na alipenda kubaki na yule asiyeonekana kuliko kubaki na ukuta. Wenzake walimwuliza gemu ikoje. Akasema ni nzuri, ina giza kidogo. Akaunguza shati jeupe, yeye ambaye hakuwahi kuunguza hata leso.

Jumapili wifi alikuja kuketi. Hakuwahi kuketi pale.

"Bado mko kwenye paa tu?"

"Daraja halipitiki."

"Si umwite huyo? Ndiyo kazi aliyowekewa."

"Sitaki kummaliza."

"Ni katuni, wifi."

"Najua ni katuni!"

Wifi aliunyoosha mkono, akaichukua pedi kutoka mapajani mwa mwenzake, na kabla Macho hajasema kitu akakibonyeza kitufe ambacho alama yake ilikuwa inamemetameta pembeni ya kioo. Mlinzi akageuka.

Kwa mara ya kwanza tangu arudi walimwona uso. Alikuwa jamaa wa kawaida, mwenye ndevu, pua pana, kovu shavuni. Hakufanana na fundi hata ukucha. Akatembea akampita mpanda kuta, akasimama mbele yake, na mkono wake wa kushoto ukaanza kufifia, ukayeyuka hadi begani. Macho alitoa mlio kama wa mtu aliyekanyagwa.

"Kwa nini umefanya hivyo? Nani amekuruhusu?"

"Nilitaka nione mtu akiitwa." Wifi alikuwa bado anatazama runinga. "Hata huyu wa bandia. Siku ile mimi nilikuwa hapo jikoni, wifi. Mlango ulikuwa wazi. Hukuniita."

Macho alifungua kinywa kutoa jibu alilowapa waombolezaji wote: kwamba ilikuwa ghafla, kwamba alifia usingizini, hakuna aliyejua. Jibu hilo lilikuwa limenyooka vizuri kwa kurudiwa. Safari hii halikutoka.

"Niliona," akasema. "Pumzi ilibadilika tangu adhuhuri. Niliona kila kitu, nikamshika mkono nikakaa kimya. Nilifikiri nisipomwita mtu, itabaki kuwa mchana wa kawaida. Nikikuita wewe, ndiyo imekwisha."

Wifi aliiweka pedi sakafuni, taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka.

"Nilikuwa nachambua mchele," akasema. "Nilikuwa naimba. Kaka yangu anakata roho, na mimi naimba."

"Alikuwa anakusikiliza," Macho alitaka kumwambia. Lakini hakuwa na hakika, na katika nyumba ile uongo mmoja ulikuwa umeshatosha.