Vitumbua vya Bi Mwanaidi

Juzi mjukuu wangu alikuwa akitazama televisheni, ngano ya kale ikichezwa na watu wa kweli: mama wa kambo anamlisha binti sumu. Nikamkumbuka Bi Mwanaidi, mke mpya wa baba, kule Bagamoyo. Alasiri moja nilipokuwa mtoto, wasichana wakubwa walikuwa wametuigizia ngano kama hiyo uani. Niliporudi ndani, Bi Mwanaidi akaniletea vitumbua vya moto, vinanukia iliki.

"Sili! Umetia sumu!"

Bi Mwanaidi aliketi mkekani, akamega kimoja. "Haya mwanangu, naanza mimi."

Alitafuna huku machozi yakimtoka. Nikadhani sumu imeanza kazi, nikakimbilia kwa jirani nikipiga mayowe.

Tangu siku hiyo hadi naolewa, kila chakula alichonipa alikionja kwanza mbele yangu. Sikumwambia hata mara moja aache.