Shule Isiyovunja Vioo

Bwana Kioo, fundi wa vioo vya madirisha, alikuwa na njia yake ya kupima shule, na ukimbishia unajitafutia kesi. Hakuuliza matokeo ya mitihani. Hakuuliza walimu wamesomea wapi. Aliangalia tu kama shule inamwita sana kuja kuziba madirisha yaliyovunjwa. Mji ule mdogo ulikuwa na shule tatu za serikali. Ya Sokoni ilimwita kila baada ya mechi, kwa hiyo lilikuwa genge la wahuni. Ya Stendi ilimwita mara mojamoja, kwa hiyo afadhali. Ya Mlimani haikuwahi kumwita tangu aanze kazi. “Pale,” alikuwa akiwaambia wateja huku akikata kioo, “pana nidhamu.”

Maneno hayo yangeishia karakanani kama si kitinda mimba wake. Binti alikuwa darasa la nne, Sokoni, na hajui kusoma. Si kwamba alisoma kwa shida, hajui. Daftari lake lilikuwa zuri ajabu, maana alinakili ubao mzima mpaka nukta, na darasa lilijaa hata mwalimu hakupata nafasi ya kumsikiliza mtoto mmoja mmoja. Mama yake ndiye aliyegundua. Alimpa paketi ya sabuni amsomee maelezo, binti akaisoma yote kwa kukisia, tena kwa sauti ya kujiamini. Mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani, na asiyejua kusoma angebaki darasa lilelile na wadogo zake wa mtaani.

“Twende tukazione hizo shule, baba watoto,” mama akasema. “Tukae darasani, tuone wanavyofundisha.”

“Tukaone nini? Mimi shule za mji huu nazijua nje ndani.”

“Mlimani umewahi kuingia?”

“Sijaitwa, nikaingie kufanya nini? Hilo ndilo jibu lenyewe, mama watoto.”

Mama akaenda zake jikoni. Kuna watu ukibishana nao unachoka bure, na huyu alikuwa wake wa ndoa.

Basi uhamisho ukasakwa, ukapatikana kwa jasho, na kila aliyekutana na Bwana Kioo njiani alihubiriwa sifa za Mlimani. Muuza mkaa, ambaye hana hata mtoto, alihubiriwa mara mbili.

Siku ya kumpeleka binti, Bwana Kioo alivaa shati lake la harusini. Wakaingia uwanjani. Akatazama darasa la kwanza, akatazama la pili, akazunguka nyuma kama mtu anayetafuta choo. Lo! Shule nzima haikuwa na kioo hata kimoja. Madirisha yote yalikuwa ya mbao, na mvua ikinyesha yanafungwa, darasani giza totoro.

“Vioo tulishaacha kuviomba,” mwalimu mkuu akamweleza bila wasiwasi wowote. “Tuliambiwa zamu yetu itafika.”

Bwana Kioo akasema ni shule nzuri. Angesema nini, na mji mzima umeshaambiwa? Nyumbani mkewe alimuuliza kakuta nini huko Mlimani. Akajibu kuna hewa ya kutosha.

Lakini moyoni hakuwa na raha. Yule mtoto alimpenda kupita kiasi, na sasa kwa ujuaji wake amemtoa pabaya akamtia gizani. Muhula mzima akawa anaweka kando mabaki ya vioo. Yalipotosha, akayapanga kwenye mkokoteni, akachukua na puti ya kubandikia, akaukokota mkokoteni mpaka Mlimani bila kumwambia mtu, hasa mkewe.

Alifika mvua ikishika kasi. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Ubao hauonekani, kwa hiyo hakuna aliyenakili chochote. Mwalimu, mama mmoja mnene aliyevaa koti la mvua, alikuwa ameketi mlangoni penye mwanga, na watoto wanamjia mmoja mmoja na kitabu, kila mtu anasoma mistari yake, wenzake wanasikiliza kutoka gizani. Ndivyo walivyofanya kila mvua iliponyesha, na kule juu mvua haina adabu, inanyesha ikijisikia.

Bwana Kioo akasimama chini ya upenu, hatua chache tu kutoka mlangoni. Zamu ikawa ya binti yake. Akaweka kidole kwenye mstari, akasoma neno, akasoma la pili. Polepole, lakini anasoma. Baba mtu, kwa furaha, akajikuta amesogea hatua moja mbele. Neno la tatu likamkwama binti.

“Ki...” akasema. “Kivu...”

Bwana Kioo akafungua mdomo kumsaidia. Mwalimu, bila hata kugeuka, akainua mkono.

“Baba, ngoja.”

Wakangoja. Darasa zima likangoja, mvua ikipiga bati. Nyumbani, mtoto akikwama kitabuni, Bwana Kioo alimtajia neno upesi kabla hajahangaika, kwa huruma, naye akaona ndiko kumfundisha. Hakuwahi kumngoja, hata mara moja. Sasa alisimama amebana midomo, na kuingoja silabi moja kukamwia kazi ngumu kuliko kazi zake zote.

“Kivuli,” binti akasema. Hakumtazama baba yake. Akasogeza kidole, akaendelea na mstari uliofuata.