Siku Nilipojifanya Bingwa wa Barafu

Jamani, hili jambo nilitaka nizikwe nalo, lakini dada yangu Zaituni keshalisimulia mtaa wetu mzima wa Rusimbi, na kila akilisimulia ananiongezea makosa, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mimi mwenye aibu yangu.

Kwanza mjue mimi ni fundi wa injini za boti, na zamani kidogo nilipelekwa kozi ya miezi mitatu nchi ya baridi, nikarudi na jaketi moja zito na maneno mengi. Theluji niliiona, wallahi huo si uongo, ila niliiona dirishani, maana asubuhi gari lilikuwa linatuchukua mlangoni pa bweni linatushusha mlangoni pa karakana, na jioni hivyo hivyo. Sasa nyumbani watu wakauliza, "Na kuendesha je, kwenye barafu mnaendeshaje?" na mimi (sijui shetani gani alinishika ulimi) nikajibu, "Mbona rahisi, nimeendesha sana." Neno dogo tu. Nimelitembeza kwenye shughuli za watu miaka na miaka.

Basi mwaka jana tukaenda kumposea Idi, mtoto wa Zaituni. Baba yake alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo msemaji ni mjomba, yaani mimi. Binti anatoka kijiji kimoja juu huko, ukishapita Mwandiga unaacha lami unapanda mlima kwa barabara ya udongo, na wazee wa kule walishatutumia habari bila kuzunguka: binti amelelewa na bibi yake, bibi akikubali wote wamekubali, bibi akikataa msijisumbue kurudi. Na huyo bibi hakutaka kitenge wala blanketi. Alitaka kitu kimoja tu, mfuko wa chumvi ya Uvinza, ile ya chenga nene, siyo ya pakti. Idi akaifuata Uvinza mwenyewe, akaupakia ule mfuko kwenye gari kama anapakia mayai, akaniambia, "Mjomba, mke wangu ndiye huyo humo."

Tukaondoka mimi, Zaituni na dereva wetu Masudi, miadi ni saa tano asubuhi. Tumefika nusu ya mlima, wingu limeshuka jeusi tii, mara pa, pa, pa juu ya bati la gari, mvua ya mawe! Siyo ile ya watoto kutoka nje kuokota zile barafu, hapana, hii ilimwagwa kama mtu kapasua gunia la gololi, robo saa nzima, na ilipokatika tukatazama mbele tukaona barabara nyeupe pee, migomba imechanika, kimya. Masudi akajaribu kupanda, tairi zikazunguka pale pale.

"Tusubiri," akasema Masudi. "Jua hilo linatoka. Nusu saa tu itakuwa imeyeyuka."

Maneno ya mtu mzima mwenye akili. Lakini mimi nikatazama saa, saa tano kasorobo, nikawaza msemaji anafika kwao binti amechelewa, watasema hawa watu wa mjini wanatudharau. Na Zaituni naye akanigeukia, "Si wewe uliyeendesha kwenye theluji? Leo ndiyo siku yako, kaka." Hapo ndipo ningesema ukweli. Nafasi ya kusema ilikuwepo kabisa. Nikasema, "Masudi, nipishe usukani. Na kule barafu huwa wanaimwagia chumvi."

(Hilo nililiona kweli dirishani. Watu wanamwaga chumvi barabarani, tena kwa gari.)

Zaituni alipiga kelele, "Siyo chumvi ya bibi!" nikamwambia kopo moja tu, nikamwaga kopo moja, barafu ikalowa kidogo, nikaona eeh, inafanya kazi, nikamwaga la pili, la tatu, na mtu akishaanza kufanya ujinga mbele ya dada yake haachi katikati, nikauinua mfuko wote nikaukung'uta mpaka chenga za mwisho. Kisha nikakaa kwenye usukani, nikakanyaga mafuta. Ile barafu ilishakuwa uji juu ya udongo mwekundu. Gari lilikwenda mbele hatua tatu, likafikiri, likaanza kurudi kiubavu taratibu, mimi nazungusha usukani kulia, kushoto, "Tulia, hivi ndivyo inavyokuwa," mpaka likajilaza mtaroni na Zaituni akanilalia begani na sinia la vitumbua alilolipakata.

Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Tumetoka kupitia mlango mmoja, na kabla sijapata la kusema nikasikia kengele. Ng'ombe. Walikuwa wametawanyika kwa ile mvua, sasa wamepata harufu ya chumvi, wakaja wanane, kumi, wakainamisha vichwa wakaanza kulamba barabara. Na jua likatoka. Na barafu yote ikayeyuka, kama Masudi alivyosema, nusu saa haikufika. Barabara sasa inapitika, ila imejaa ng'ombe ambao hata ukiwapiga mgongoni wanakutazama tu wanaendelea kula.

Nyuma yao akaja bibi mmoja, mwembamba, amejifunika kiroba kichwani, miguu tope mpaka magotini. "Mwakeye," akatusalimu kwa Kiha chake, kwa upole. Mimi, mtu mzima niliyelelewa Ujiji, shikamoo sikumpa. Nikamwambia, "Mama, ondoa ng'ombe wako, sisi tunaenda kwa watu wenye heshima zao!"

Yule bibi akainama, akaokota chenga moja kwenye tope, akailamba. "Hii ya Uvinza."

"Ndiyo."

"Ya nani?"

Na mimi, kwa hasira na kujifanya mjanja, nikasema, "Ya kikongwe mmoja huko juu. Tutamwambia imenyeshewa njiani, atajuaje?"

Zaituni akanikanyaga mguu, nimechelewa. Yule bibi akanitazama kidogo, kisha akaita watu kwa sauti, wakatoka migombani wanaume sita, wakalisukuma gari likatoka. Akatupisha. Hata asante nilimpa nikiwa nimeshakaa kwenye kiti.

Nyie mshajua alikuwa nani. Mimi sikujua.

Tukapokelewa, tukawekwa kwenye mkeka, wazee wamejipanga, na msemaji wao akasema kwa adabu, "Bibi alitoka kutafuta ng'ombe, anaosha miguu, anakuja. Alikuwa anaulizia kale kamzigo kake." Nikakohoa. Nikaanza, "Wazee wangu, mvua ya leo mmeiona wenyewe, sasa ile chumvi bahati mbaya ili…" Pazia likafunguka, akaingia yeye.

Jasho lililonitoka siku ile na baridi yote ile! Akakaa mbele yangu. "Malizia," akasema. "Chumvi ili?"

Nikasema, "Shikamoo, mama." Watu wakacheka, yeye hakucheka. Basi nikasema yote. Kwamba niliimwaga mwenyewe, kwamba Masudi alisema tusubiri, kwamba kule Ulaya sijawahi kushika usukani hata wa baiskeli, theluji niliitazama dirishani. Dada yangu alikuwa anasikia mara ya kwanza. Alifunika uso kwa mtandio, na nilijua analia, maana pale alikuwa anamwona mwanawe anakosa mke kwa ulimi wangu.

Bibi akasema, "Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa Uvinza. Kila akienda kwao anasema ataniletea chumvi, na kila akirudi mikono mitupu anasema imenyeshewa njiani. Alikuwa anaiuza anakunywa. Miaka arobaini nikamwitikia, pole baba, mvua mbaya. Chumvi kumwagika si kitu, ng'ombe walioila ni wangu. Mimi nauliza kimoja tu. Huyo kijana wenu naye anasema hivi?"

"Hapana, mama," nikajibu. "Yeye amelelewa na huyu dada yangu. Hakulelewa na mimi."

Akamtazama Zaituni, akamshika mkono. "Basi mtoto nimempa huyu. Siyo wewe."

Ndiyo hivyo Idi alivyopata mke, na mimi nikavuliwa usemaji siku hiyo hiyo, na wala sikubisha. Siku ya harusi tulifika tumechelewa, nikakaa nyuma kabisa, karibu na masufuria. Bibi akaingia, akawapita wazee wote wa mbele, akaja mpaka kwangu, akasimama.

"Mmechelewa. Njiani kulikuwaje?"

Ulimi ulishaandaa uongo wa pancha, nikaukamata. "Njia ilikuwa nzuri, mama. Tumechelewa kwa sababu mimi nililala."

Akavuta kiti, akakaa pembeni yangu.