Daftari la Zena Lenye Mkono Wangu

Nakumbuka Jumatatu moja niliyoingia nasari yetu ya Kipungani nimevaa buibui jipya, umri wangu miaka kumi na tisa, nimeitwa niwe msaidizi wa darasa. Wewe unaanza kazi hiyohiyo wiki ijayo, mwanangu. Basi nikueleze nilivyoiharibu mimi, ili wewe ukiharibu, angalau uharibu kitu kingine.

Darasa lilikuwa limejaa hadi dirishani, na mwalimu ni mmoja tu, Mwalimu Wambui, mama wa bara mwenye sauti ya kufika pwani ya pili. Mimi niliwekwa kwa ajili ya mtoto mmoja, Zena. Alikuwa na miaka saba. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzito tangu kuzaliwa, na wa kushoto ndio kwanza unajifunza kazi. Huo ulikuwa mwaka wake wa pili nasari, wenzake wamepanda darasa la kwanza na kumwacha.

Nilimpenda, na hapo ndipo nilipokosea. Akishika penseli, daftari linateleza, nami siwezi kumwona akihangaika. Nilimshika mkono nikaandika naye. Baada ya wiki mbili nilikuwa siushiki tena mkono wake, naandika peke yangu yeye akitazama. Akiulizwa swali, mimi najibu. Chupa yake ya maji mimi naifungua. Watoto wana macho, mwanangu. Siku mwalimu alipomwekea Zena kumi kwa kumi, kitoto kimoja cha mbele kikapiga kelele, "Mwalimu! Kumi hiyo ya Bi Zuhura!" Darasa zima likacheka, mwalimu akadhani ni utani. Mimi nikacheka pia, nikaendelea kuandika.

Kisha mwalimu mkuu akatoa habari. Alhamisi ya wiki ya mwisho wa muhula, Zena ataandika jina lake mbele ya mkuu huyo, bila msaada. Akiweza atapanda darasa. Asipoweza, atarudia nasari mwaka wa tatu.

Jioni ile nikalichukua daftari, nikalipeleka kwa nyanya yake aliyekuwa akimlea, Bi Esha, msukaji mikeka. Nilitaka afurahi, na nilitaka sifa pia, sikufichi. Nilimkuta ukumbini anasuka ukili, ule mshipi mrefu wa majani ya miyaa unaoshonwa ukawa mkeka. Bi Esha hakujua kusoma. Alilishika daftari mbali na uso, akafunua kurasa moja moja. Halafu akavuta vipande viwili vya ukili kutoka kwenye rundo.

"Huu wangu. Huu wa Zena. Waona?"

Niliona. Wake ulikuwa umebana, wa Zena umepanda na kushuka, lakini umesukika.

"Haya, nionyeshe ndani ya buku hili. Mkono wa Zena uko wapi?"

Nikafunua hadi ukurasa wa mwisho, sikuuona.

"Mato yangu hayajui kusoma, Zuhura, lakini mkono wa mtu nautambua. Huu ni wako wewe, mwanzo mpaka mwisho. Mwana umemtoa darasani ukakaa wewe."

Nilipomuuliza yeye alimfundishaje kusuka, akacheka hadi mabega yakatikisika. "Namfungia ncha kidoleni mwa mguu ili isimkimbie. Baada ya hapo nakalia mikono yangu. Ndiyo, naikalia! La sivyo itamnyang'anya."

Asubuhi nilikwenda kwa Mwalimu Wambui nikamwambia yote. Hakunichekea. "Zuhura, mimi nimemwandikia mama yake kwamba mtoto anaendelea vizuri. Umenifanya niandike uongo." Maneno yale yaliniuma, na yalinistahili. Kisha akafungua kabati, akatoa daftari jipya tupu. "Tuna wiki mbili. Anza."

Kumbe mtoto hakuwa ameshindwa kuandika. Daftari ndilo lililomkimbia, kwa kuwa mkono mzito haukuweza kulizuia. Basi kazi yangu ikawa kulishikilia tu. Penseli niliizungushia miyaa hadi ikanenepa, ikamkaa vizuri kiganjani. Siku za kwanza aliandika mistari kama njia ya kaa mchangani, akanikasirikia, akanisukumia penseli. "Andika wewe, Bi!" Nikamwambia mimi nasari nimeshamaliza. Alinuna, halafu akaichukua.

Alhamisi ilifika. Mwalimu mkuu alisimama mbele ya Zena. Mwalimu Wambui alilishika daftari, nami nikapelekwa benchi la nyuma, mikono nimeikalia mpaka ikafa ganzi. Zena aliandika herufi ya kwanza, akapumzika. Ya pili, akapumzika. Nje kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakatoka mbio. Mwalimu mkuu alitazama saa yake, akainama kulichukua daftari.

"Ngoja," Zena akamwambia, bila kuinua kichwa. "Sijamaliza."

Na mtu mzima yule akangoja. Herufi ya mwisho ilitoka kwenye karatasi ikaishia juu ya meza, lakini ilikuwa yake. Mwaka uliofuata alikaa darasa la kwanza, karibu na dirisha.

Sasa nikuachie ninalotaka ulibebe, mwanangu. Kabla hujamsaidia mtoto, tazama kwa utulivu ni kitu gani hasa kinachomzuia, ukiondoe hicho, na kazi iliyobaki umwachie. Usimjibie anapoulizwa, hata akikawia. Ukikosea, mweleze mwalimu mapema, kwa maana yeye huwaambia wazazi anachokiona daftarini. Na usisikitike siku mtoto atakapokwambia hakuhitaji tena. Nenda ukanywe chai, umefanya kazi.

Mola akupe subira ya kutosha tangu kengele ya asubuhi hadi ya mwisho, akupe na walimu wa kukukosoa kwa mapenzi, na watoto utakaowashika wakupite mbali. Amin.